Mahindi Yaliyolala kwa Halfani

Hakukuwa na mwanamume katika shamba lile la ngano ambaye Verediana hakuwahi kumfuta duniani. Madereva wa kombaini aliwafuta. Mafundi wa karakana aliwafuta. Bwana shamba msaidizi, aliyefika na cheti chake kutoka chuoni na kutangaza kwamba michezo ya nafaka ni ya watoto, alifutwa kabla chai yake haijapoa, na tangu siku hiyo alipita nyuma ya matangi ya dizeli ili asikutane naye. Wote waliuawa kwa maharage mekundu, juu ya gunia la mbegu lililopasuliwa na kutandazwa mezani, na wote walizikwa kwa heshima zinazostahili: Verediana aliwapa mkono, akawaambia, "Pole, kaka," kisha akazimwaga maiti zao kwenye kopo la maziwa ya unga.

Mmoja tu alikuwa hajamfuta, kwa sababu alikuwa hajawahi kuketi naye mezani. Na huyo ndiye aliyekuwa anakuja sasa, Jumapili mchana, kwa baiskeli, akipanda polepole barabara ya vumbi iliyokata ngano katikati. Nusu ya mashamba yalikwisha kuvunwa, yamebaki mabua. Nusu nyingine bado ilikuwa imesimama, ya rangi ya simba, ikilala na kuinuka kila upepo wa mlimani uliposhuka.

"Unaangalia nini dirishani?" mama yake, Fransiska, aliuliza kutoka jikoni.

"Naangalia mvua, Mama."

"Mwezi wa saba?"

"Nimeona wingu."

"Haya. Likifika liambie lifute miguu mlangoni, nimetoka kudeki."

Wingu lenyewe liliitwa Halfani. Baba yake, Mzee Hatibu, alikuwa na duka Katesh, na kila wiki Halfani alileta sukari, chumvi na sabuni kwenye kantini ya shamba. Verediana, aliyetoka kidato cha nne kwa masista na sasa anafanya kazi stoo ya vipuri, alikuwa na dirisha lililotazama kantini. Kwa mwaka mzima hakuna mzigo wa chumvi ulioshushwa bila yeye kugundua kwamba dirisha lile lina vumbi na linahitaji kufutwa. Halfani naye alishusha chumvi polepole kuliko mtu yeyote mkoani. Alikuwa kijana mrefu, mpole wa maneno, mwenye tabia moja iliyomsumbua Verediana mpaka usingizini: ukizungumza naye alikutazama hadi umalize, kisha akasubiri kidogo, kama mtu anayehakikisha hukusahau kitu.

Walikwisha kuambiana. Kilichobaki ni kumwambia Baba, na Jumatano Verediana alimwambia.

"Mtoto wa dukani," Mzee Basili Bura alisema, akiweka kijiko chini. Yeye ndiye aliyewasimamia madereva wote wa kombaini, na sauti yake ilizoea kushindana na injini. "Sikiliza, mwanangu. Dini yake sina ugomvi nayo. Padri na shehe watabishana wenyewe, wana muda. Ugomvi wangu ni duka. Mtu wa duka anakuuzia huku anakuchekea. Utajuaje kucheka kulipoishia na kuuza kulipoanzia?"

"Baba, hujawahi hata kuongea naye!"

"Basi aje acheze. Akishinda, nitakaa naye chini nimsikilize mpaka amalize. Akishindwa, arudi kwenye chumvi yake, na wazee wa Maretadu wakija kumposea Hermani wa karakana nitawafungulia mlango. Wewe utacheza pia. Na nikiona umemwachia hata kijiji kimoja kwa ajili ya macho yake, mchezo umevunjika na yeye ameondoka."

"Siwezi kumwachia mtu, Baba. Unanijua."

"Nakujua," alisema Mzee Basili, kwa fahari na huzuni kidogo.

Mchezo wenyewe waliuita Mipaka. Fundi mmoja Mkanada, aliyekuja kufundisha watu kombaini, aliuacha ndani ya boksi alipoondoka. Panya walikula karatasi ya ramani, na Mzee Basili akaichora upya kwenye gunia kwa kalamu ya kuwekea alama vipuri. Nchi za mbali hakuzikumbuka, kwa hiyo aliweka alizozijua: Tumati, Maretadu, Dongobesh, Masakta, Katesh, na nyingine mpaka gunia likajaa. Kila mchezaji alikuja na nafaka zake. Ulirusha dadu, ukaingia kwa jirani, ukamla. Ungeweza kufanya urafiki na yeyote, lakini aliyebaki mwisho ni mmoja, kwa hiyo kila urafiki wa mezani pale ulikuwa na siku yake ya kufa, na watu walioshinda ni wale walioijua siku hiyo kabla ya rafiki zao.

Kulikuwa na sheria moja ambayo haikutoka kwa Mkanada. Huku Mbulu mtu mwenye ng'ombe hawaweki wote zizini kwake. Wengine huwalaza kwa rafiki, mbali, ili ugonjwa au mwizi akija asiwakute wote pamoja. Rafiki hukamua maziwa na kutunza. Ng'ombe hubaki wa mwenyewe. Basi katika Mipaka pia uliweza kulaza nafaka zako katika nchi ya rafiki. Mwenyeji aliruhusiwa kuzila zikiwa zimelala. Mwenyewe naye aliruhusiwa kuziamsha, zikaiteka nyumba kutoka ndani. Mkanada alipoelezwa sheria hiyo aliuliza ni kichaa gani angepeleka jeshi lake likalale kwa mwingine. Wakamjibu: kila mtu.

Verediana alipokuwa kidato cha pili, likizo, baba yake alilaza mahindi yake kwake. Aliyapokea kwa furaha, akayapanga vizuri. Zamu iliyofuata baba aliyaamsha, akamla mwanawe mzima mzima. Alilia nyuma ya banda la kuku. Kisha akafuta macho, akarudi mezani, na tangu siku hiyo hakulaza wala hakupokea, na hakushindwa tena.

*

"Shikamoo, Mzee. Shikamoo, Mama."

"Marahaba," Mzee Basili alisema bila kusimama.

"Marahaba, baba, karibu," Fransiska alisema kutoka mlango wa jikoni. "Umefuta miguu?"

"Nimefuta, Mama."

"Wingu lenye adabu," akasema Fransiska, akarudi kwenye sufuria zake. Verediana aliinama kutafuta dadu iliyokuwa mkononi mwake.

Hermani alikwisha kukaa. Alikuwa fundi wa kombaini, mnene wa mabega, mwenye moyo mzuri na buti jipya, na alikuja na mbegu za alizeti kwenye leso. Alimpa Halfani mkono kwa nguvu za karakana.

"Karibu, bwana. Leo utakuwa mbolea."

"Nimekaribia," Halfani alijibu, akakunjua karatasi aliyoleta mbaazi zake. Kisha akamtazama Verediana, akasema tu, "Habari za stoo?" Swali la kawaida kabisa. Shingo yake Verediana ilipata moto kama injini isiyo na maji.

Hermani hakukawia. "Vere, mimi na wewe?"

"Mimi na wewe," Verediana alisema.

Hermani alitabasamu kwa meno yote. Mzee Basili akamgeukia mgeni. "Basi tumebaki sisi. Tuwe pamoja?"

"Sawa, Mzee."

"Sawa tu? Mezani hapa neno sawa ni jepesi sana, kijana."

"Kwangu lina uzito ule ule wa dukani."

"Hapo ndipo ninapoogopa," Mzee Basili alisema, akarusha dadu.

Walicheza. Halfani hakuwa mchezaji mbaya. Hakukurupuka, hakujisifu, na kila alipomla mtu alizitoa nafaka kwa vidole viwili, polepole, kama anayemsaidia mgonjwa kushuka kitandani. Lakini dadu zilimkataa Mzee Basili siku ile. Maharage ya binti yake yalishuka Tumati yakaichukua. Alizeti za Hermani zikampokonya Maretadu. Mahindi yakasukumwa pembeni mwa gunia, yamejazana Masakta, na kila mtu aliona kwamba zamu moja mbaya ingeyamaliza.

Mzee Basili alikuna kidevu.

"Kijana, mahindi yangu yananyeshewa huku. Niyalaze kwako Dongobesh?"

Verediana alinyanyua kichwa. Alimtazama Halfani machoni, na jicho lake lilisema kila kitu ambacho jicho linaweza kusema mbele ya mzazi: usipokee, usipokee, nakwambia usipokee. Halfani aliona. Alilipokea jicho lile, akalishukuru kwa tabasamu dogo ambalo lilimfanya Verediana asahau kwa sekunde alikuwa anakataza nini.

"Karibu, Mzee," akasema.

Akazisogeza mbaazi zake pembeni kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayefagia zizi kabla wageni hawajaingia. Mahindi yote ya Mzee Basili yakahamia Dongobesh, na Masakta ikabaki tupu.

Verediana alipiga hesabu. Hakuweza kujizuia, kichwa chake kilifanya hivyo chenyewe kama moyo unavyodunda. Halfani akiyala yale mahindi sasa, zamu yake ikifika, Mzee Basili amekwisha. Masakta ni yake bila dadu. Hermani atabaki katikati hana pa kwenda. Yeye Verediana ndiye angebaki mbele yake, na kwa nafaka alizo nazo angeweza kushindwa kwa halali kabisa, bila kumwachia mtu kijiji. Halfani angeshinda. Baba angekaa chini kusikiliza. Kila kitu kilikuwa pale, kimelala Dongobesh, kinangoja mkono.

Alimpiga teke chini ya meza.

"Aisee, Vere!" Hermani alipiga kelele. "Hilo ni buti jipya!"

"Nani anampiga nani?" Mzee Basili aliuliza.

"Nimetishika na panya. Naleta chai." Verediana alisimama haraka.

"Birika ni zito," alisema Halfani, naye akasimama.

Fransiska aliwaona wanaingia jikoni kwa pamoja. Alitazama birika, akatazama binti yake, akakumbuka kwamba kuku walikuwa hawajahesabiwa tangu asubuhi, akatoka nje.

"Yale," Verediana alinong'ona.

"Nini?"

"Mahindi! Yote yako kwako. Zamu yako ndiyo inayofuata. Yale, Halfani, umeshinda!"

"Yamelala."

"Ni mahindi!"

"Najua ni mahindi. Nimeuza mahindi tangu nikiwa sifikii mizani."

"Unajua atakachofanya? Atayaamsha. Mimi ni mwanawe wa kumzaa na alinifanyia. Wewe ni nani?"

"Labda atayaamsha."

"Si labda! Sikiliza. Huu ni mchezo. Mchezo unachezwa ili mtu ashinde, sheria inaruhusu, hakuna atakayekulaumu. Hata yeye hatakulaumu, atakusifu!"

Halfani alimtazama mpaka akamaliza. Kisha akasubiri kidogo. Verediana alitamani kumrushia mfuniko wa sufuria.

"Kwa babu yangu Dongobesh," alisema, "kuna ng'ombe wa Mzee Akonaay wa Tumati. Alilazwa kwetu kabla baba yangu hajaoa. Babu alifika na punda wa chumvi, hana ndugu, hana shamba, lugha ya watu haijui. Watu walinunua chumvi wakaenda zao. Huyo mzee peke yake alirudi na ng'ombe akasema, nitunzie. Tangu hapo tukawa watu wa pale. Yule ng'ombe amekufa, tuna wajukuu zake. Kila anayezaliwa, baba anatuma mtu Tumati kusema amezaliwa. Verediana, mimi nimelelewa na maziwa ya ng'ombe wa mtu. Kitu kilicholala kwangu mkono wangu haujui kukila."

"Hata ukinipoteza?"

Halfani aliweka sawa mfuniko wa sufuria.

"Nakuuliza. Baba amesema ukishindwa basi. Wazee wa Maretadu wanasubiri mavuno tu. Hata ukinipoteza mimi?"

"Kukupoteza sitaki," alisema. "Lakini kuyala siwezi."

"Basi unaniuza kwa mahindi."

"Sikuuzi."

"Unaniuza! Mtoto wa dukani gani hajui hata bei?"

Alitaka kulia na alikataa kulia. Halfani alinyoosha mkono kuchukua birika, na Verediana, aliyekuwa na hasira kuliko siku zote za maisha yake, alimpa kitambaa. "Lina moto," akasema. "Ungua basi kama unataka, lakini lina moto."

*

Zamu ya Halfani ilifika. Hermani alipuliza chai. Mzee Basili hakugusa kikombe chake, alitazama mkono wa kijana tu.

Halfani aliokota mbaazi zake. Hakugusa mahindi. Alizipanga mbaazi mpakani, upande wa Hermani, safu mbili mbele ya Dongobesh, kati ya adui na kilicholazwa.

"Nimemaliza," akasema.

Mzee Basili alikohoa. "Umemaliza?"

"Ndiyo, Mzee."

Sasa zamu ilikuwa ya Verediana. Alitazama gunia lote. Kama huyu hataki kushinda, alijiambia, mimi sijasahau namna ya kushinda. Akachukua dadu, akazizungusha kiganjani, akazirusha. Maharage mekundu yakaingia Maretadu.

Maretadu ilikuwa ya Hermani.

"Vere!" Hermani aliruka. "Tulikubaliana!"

"Tulikubaliana mpaka sasa hivi."

"Lakini sijakufanya kitu! Mgongo wangu wote uko wazi kwako!"

"Nimeuona, kaka."

Dadu zilimpenda. Alimla Hermani kijiji kwa kijiji, bila pupa, na alipotoa mbegu ya mwisho ya alizeti alimpa mkono. "Pole, kaka." Hermani aliushika mkono ule kama anayeshika spana yenye moto. Alifuta paji la uso kwa leso iliyokuwa na mbegu zake, kisha akageuka kwa Mzee Basili kwa taadhima ya mtu anayetoa hotuba msibani.

"Mzee, nina neno."

"Sema, Hermani."

"Wazee wangu nitawaambia wapumzike kwanza. Njia ya kuja huku ni ndefu."

"Hermani, huu ni mchezo."

"Najua ni mchezo, Mzee. Lakini nimetazama macho yake. Hakupepesa. Mimi ni mtu wa usingizi mzito, Mzee. Nikilala, nimelala. Kwa mke kama huyu inatakiwa mtu anayelala jicho moja."

Fransiska alicheka jikoni mpaka kifuniko kikaanguka. Hata Halfani aliinamisha kichwa. Hermani mwenyewe alianza kucheka, akasogeza kiti nyuma atazame vizuri, mwepesi kama mtu aliyetoka kuongezewa miaka.

Wakabaki watatu. Zamu ikawa ya Mzee Basili.

Hapo kicheko kilikata chenyewe. Verediana aliijua zamu ile. Alikuwa ameiota. Mahindi yalikuwa Dongobesh, ndani kabisa, na mbaazi zote za Halfani zilikuwa mpakani zimegeuka nje, migongo yao wazi. Baba akiyaamsha atachukua Dongobesh bila jasho, kisha Katesh, kisha atakuwa na nguvu za kumkabili binti yake. Ndivyo alivyocheza maisha yake yote. Ndivyo alivyomfundisha.

Mkono wa Mzee Basili ulinyanyuka, ukafika juu ya mahindi, ukasimama. Vidole vyake vilikuwa na mafuta ya injini kwenye mikunjo, hayatoki kwa sabuni yoyote ya dukani.

"Unajua ninachoweza kufanya hapa?" aliuliza.

"Najua, Mzee."

"Na zamu iliyopita, ulijua ungeweza kufanya nini?"

"Nilijua."

"Binti yangu alikwambia. Msidhani sijui buti lilipigwa kwa nini."

Verediana alitazama chini. Halfani hakutazama chini.

"Aliniambia, Mzee."

"Na ulikumbuka nilichomtuma akwambie Jumatano. Ukishindwa, nini kinafuata."

"Sikusahau hata kidogo."

"Na bado?"

"Yalikuwa yamelala kwangu, Mzee."

Upepo ulipita nje, na ngano iliyosimama ikafanya ule mvumo wake mrefu. Mzee Basili alikaa na mkono hewani. Verediana alikuwa amemwona baba yake akiwa amekasirika, akiwa mgonjwa, akiwa amelewa siku ya Krismasi. Hakuwahi kumwona akiwa hajui la kufanya. Mzee alimtazama kijana yule wa Katesh kwa muda mrefu, jinsi anavyoitazama injini inayounguruma vizuri wakati vitabu vyote vinasema imekufa.

Mkono ukarudi kwenye goti.

"Napita zamu," akasema.

Fransiska alitokea mlangoni na mwiko. "Basili? Unaumwa?"

"Nimesema napita. Mtu hawezi kupita?"

"Miaka yote hii hujawahi."

"Basi nimepita leo. Vere, cheza."

Verediana aliziokota dadu. Kwa mara ya kwanza zilikuwa nzito. Mbele yake walikuwa wanaume wawili aliowapenda kuliko wote duniani, mmoja ameacha kushinda kwa ajili ya mwenzake, na mwenzake naye akaacha, na wote wawili walikuwa wanamtazama, wanangoja awafute. Angeweza kupita na yeye. Wangekaa hapo mpaka Krismasi wanapitiana. Lakini alimtazama Halfani na akaona kwenye macho yake hakuna ombi lolote. Alikuwa anamtazama kama mtu aliyekaa mbele kabisa kwenye ngoma, anasubiri mchezaji bora aingie uwanjani.

Basi akacheza. Alicheza kama hajawahi kucheza. Alipita Masakta tupu, akazunguka, akaipiga Katesh pale ilipokuwa nyembamba, kisha akageukia Dongobesh. Kila aliposhambulia, Halfani angeweza kutoa mahindi ya Mzee yaliwe kwanza, sheria iliruhusu. Hakutoa. Alitoa mbaazi zake, moja baada ya nyingine, mpaka mkononi ikabaki moja, na hiyo nayo ikaliwa. Kisha akayakusanya mahindi yote kwa viganja viwili, akayaweka mbele ya Mzee Basili.

"Yako haya, Mzee. Mimi nimekwisha, sina tena pa kuyalaza."

Mahindi bila nchi si kitu. Mchezo ulikuwa umeisha.

"Pole," Verediana alisema, akampa mkono. Hakusema kaka. Mikono ikakaa pamoja kidogo zaidi ya desturi ya mazishi, mpaka Mzee Basili akakohoa.

"Hujashinda," alisema Mzee Basili.

"Sijashinda, Mzee."

"Nilisema ukishinda nitakusikiliza."

"Ulisema."

"Basi sikusikilizi."

"Sawa, Mzee." Halfani alisimama. "Asante kwa chai. Mama, asante. Hermani, pole kwa buti."

"Litapona," Hermani alisema kwa unyonge.

Na akatoka. Hivyo hivyo, kwa adabu, kama aliyeleta chumvi. Verediana alimfuata mpaka kwenye baiskeli.

"Ungeomba! Ungesema hata neno moja!"

"Alisema, na mimi nikakubali."

"Wewe na kukubali kwako! Unakwenda zako tu?"

Halfani alishika usukani. Macho yake yalikuwa mekundu na hakuyaficha. "Verediana, sijawahi kuona mtu anacheza vile. Ulipozunguka Masakta nilisahau kwamba ninayeliwa ni mimi. Hukuniachia hata kijiji kimoja."

"Nilitaka kukuachia."

"Najua. Nilikuona. Asante kwa kutoniachia."

Alipanda baiskeli, akashuka barabara ile kati ya ngano, na shati lake likazidi kuwa dogo. Verediana alisimama pale na ushindi wake wote. Alikuwa amemfuta kila mwanamume wa shamba lile, baba yake yumo, na alikuwa amekaa tangu Jumatano anangoja mmoja wao ashinde ili apewe nafasi ya kuzungumza. Wazo hilo lilimjia polepole, kisha likamjia lote kwa mkupuo, akageuka akarudi ndani karibu anakimbia.

Hermani alikuwa ameondoka. Baba alikuwa peke yake mezani. Alikuwa ameyarudisha mahindi yake Dongobesh na anayatazama.

"Baba."

"Nimeshasema. Simsikilizi yule kijana."

"Usimsikilize. Nani ameshinda leo?"

Mzee Basili alinyanyua macho. "Wewe."

"Na Jumapili iliyopita?"

"Wewe."

"Na tangu nimemaliza shule, nani anashinda hapa?"

Jikoni mwiko uliacha kukoroga.

"Wewe, Vere," alisema Baba.

"Basi nina maneno. Si ya mtu wa Katesh, ni yangu mimi, na ni marefu."

Mzee Basili alimtazama binti yake alivyosimama wima, vumbi la barabara miguuni, asiyepepesa. Kisha akanyoosha mguu chini ya meza, akakisukuma kiti cha mbele yake mpaka kikasogea.

"Kaa," akasema. "Uanze mwanzo."